Jina la Baba Mkwe Kwenye Laini

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua kibanda. Nimefagia. Nimetundika kava za simu, chaja, earphone za kila rangi. Soko la Chepilat limeamka kama kawaida yake: ndizi kutoka upande wa Nyamira, maziwa kutoka upande wa Sotik, makelele kutoka pande zote.

Halafu Kwamboka akaja mbio. Amepata kazi! Mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea kama wangu. Ataketi ofisi ya ushirika wa maziwa kule Sotik, apokee simu za wakulima. Mwezi mmoja wa kujaribiwa, kisha ndiyo aandikwe. Nimempa soda mbili kwa mkupuo. Mume wake Kiprono hana kazi tangu mashine za kuchuma chai zije kule shambani. Kazi hii ndiyo sufuria yao.

Ana karatasi ya Kiingereza cha simu, kutoka kwa meneja mpya. Good morning, who is calling please. Kindly hold the line. I am putting you through. Nimecheka mpaka machozi. Haya ni maneno yangu! Mimi, Zablon, niliketi swichibodi ya shamba la chai miaka ambayo meneja huyu alikuwa bado ananyonya. Mzungu mwenyewe hangeweza kuongea na Mombasa bila mimi. Mpaka leo soko lote linaniita Opareta. Nilisoma mpaka darasa la sita, la saba likanikimbia, lakini Kiingereza cha simu nilikipata kwenye chemchemi.

Nimemwambia Kwamboka amefika kwa profesa.

Jumatano, 5 Machi

Somo kibandani. Tumetumia simu mbili zilizokufa kutoka sanduku la spea. Mimi mkulima, yeye ofisi.

Nimemfundisha maneno na mizizi yake. Hold the line: enzi zangu laini ilikuwa waya kweli. Nilikuwa naushika kwa vidole hivi, nachomeka tundu lingine, na bwana wa Kericho anasikia bwana wa Nairobi akikohoa. Dial: kulikuwa na gurudumu lenye matundu, unatia kidole, unazungusha. Siku hizi watu wanadial na hakuna kinachozunguka ila salio likienda sifuri. Hang up: mkono wa simu ulikuwa unatundikwa kwenye ndoano. Leo hakuna ndoano, hakuna hata ukuta, lakini Mzungu bado anatundika. Sisi tunakata. Sisi ni watu wa panga.

Missed call ndiyo ilituchekesha zaidi. Kwa Kiingereza ni simu uliyoikosa. Kwetu hujakosa kitu! Uliiona, ukaiacha ilie, kwa heshima, kwa sababu mwenzako hana kredo ya kupiga simu. Flashi moja: nimefika salama. Flashi mbili: nipigie. Ukiishika flashi ya mtu umemla pesa, na mtu kama huyo haalikwi harusini.

Kwamboka anashika haraka. Sauti yake ni kama ya redio. Mama mmoja aliyekuja kununua kredo alisimama akatusikiliza, akauliza kama ofisi ya benki imehamia Chepilat.

Nimelala na raha.

Ijumaa, 7 Machi

Raha imeisha.

Kwamboka alipita jana jioni akitoka kazini. Uso umekunjamana. Anasema bibi mmoja wa mlimani alipiga simu, ng'ombe wake ameanguka. Bibi akasema chamgei. Kwamboka, kwa amri ya karatasi, hakujibu salamu. Akauliza, who is calling please. Bibi akasema: “Kwani nimeiba nini?” Akakata.

Ng'ombe wa bibi alilala chini mpaka saa nane.

Nimekasirika. Sasa nauliza, na hakuna wa kunijibu kwa sababu naandika peke yangu: ni nani duniani anaanza kwa kumuuliza mtu yeye ni nani? Hapa kwetu simu inaanza na salamu. Habari ya nyumbani. Habari ya mvua. Watoto. Ng'ombe. Halafu mtu akishapoa ndiyo anasema, sasa, jambo lililonifanya nikupigie. Kuulizwa jina kabla ya salamu ni kuulizwa na askari.

Meneja amesema salamu zinakula muda. Nataka kumjua huyu mama aliyemzaa bila salamu.

Leo nimempigia Kwamboka ofisini mimi mwenyewe nikajaribu. “Good morning, who is calling please?” Mtoto niliyemfunga viatu! Nilipandwa na hasira kamili. Kisha nikasikia jinsi alivyolitamka, safi, bila kuteleza, na hasira ikachanganyika na majivuno. Nikasema wrong number. Nikakata.

Jumanne, 11 Machi

Jambo lenyewe limetoka leo. La bibi lilikuwa mzaha tu.

Meneja haishii kwa who is calling. Anataka Kwamboka amtajie jina kabla hajampa simu. Mister fulani is on the line. Anasema anafungua jina kwenye kompyuta kwanza, aone maziwa ya mtu huyo, ndipo ashike. Sawa. Mpaka hapo sina neno.

Leo aliyepiga ni arap Mosonik.

Joseah arap Mosonik ni baba mkwe wake Kwamboka. Mimi naweza kuliandika jina lake hapa mara kumi. Kwamboka hawezi kulitaja hata mara moja. Mke hataji jina la baba ya mume wake. Si mbele ya watu, si jikoni, si ndotoni. Kwao Wakipsigis ni hivyo, kwetu Wakisii ni hivyo. Hata mtu mwingine akiwa na jina lile lile, analizunguka kama mtu anavyozunguka shimo.

Basi akamwambia meneja, “Mzee is on the line.”

Meneja: “Mzee gani? Sotik nzima ni wazee.”

“Mkulima wa kwetu.”

“Jina?”

“Ni baba.”

Meneja akaelewa kwamba anapokea simu za kwao kwa laini ya ofisi. Akampa onyo. Wiki ya pili tu ya kazi!

Na si hiyo tu. Jina hilo limejaa huku kama majani ya chai. Mosonik mwenye lori. Mosonik wa mashine ya kusaga. Mosonik mwalimu. Wote wanapiga simu. Kila mmoja akipiga, Kwamboka ananyamaza, na meneja anaandika kitu.

Jumatano, 12 Machi

Hasira tupu. Nimemuuzia mtu chaja ya simu nyingine. Amerudi. Nimemrudishia, na nikamgombeza.

Mke wangu Moraa ameuliza kwa upole, kwani huyo meneja haoni? Nimemjibu anaona kompyuta.

Jioni nilimwambia Kwamboka, mtoto wangu, pale ofisini hakuna anayekusikia wa nyumbani. Litaje mara moja, haraka, kama dawa ya mwarobaini. Moraa alinitazama mpaka nikatazama viatu vyangu.

Kwamboka hakunikasirikia. Alisema tu, “Baba, unakumbuka nilivyoingia pale.”

Nakumbuka. Msichana wa Kisii kwenye boma la Wakipsigis. Miaka mingine watu wa pande hizi mbili walikuwa wakitazamana juu ya barabara hii wakiwa na mishale. Akaolewa pale na majirani wote wakakaa kusubiri akosee. Hakukosea. Alijifunza kukamua kwa mkono wao, kutayarisha mursik, maziwa yao ya mgando, kwa mkaa wao, na lile jina akalimeza siku ya kwanza. Kwa hilo wakamkubali. Baba mkwe mwenyewe ndiye aliyempa jina binti wa Kwamboka, Chepkirui.

Leo kijana wa Kiingereza anataka alitapike kwenye simu, madereva wa maziwa wakiwa wameegemea dirisha.

Akilitaja, amepoteza boma. Asipolitaja, amepoteza kazi. Na Chepkirui anakula kutoka kote kuwili.

Ijumaa, 14 Machi

Nimevaa koti la harusi. Nimeenda Sotik.

Nilikuwa nimejiandaa kumpiga meneja kwa Kiingereza mpaka aombe maji. Kumbe mtoto ana adabu! Amenipa kiti. Amenipa chai ya maziwa mengi. Hakuna kitu kinachoudhi kama adui anayekupa chai.

Nimemwambia mimi ni Opareta. Nimemweleza mwiko. Amesikiliza vizuri. Kisha: “Lakini mzee wangu, ni neno moja tu.”

Neno moja tu!

Nikamuuliza, “Wewe mama mkwe wako unamwitaje?”

“Carol.”

“Carol?”

“Carol. Na yeye ananiita Steve.”

Nilifika Kampala mara mbili, nimekaa Mombasa, nimeona mtu akila konokono. Lakini Carol! Nikanywa chai mpaka chini.

Na yeye ana lake, lazima niandike ukweli. Anasema juzi aliambiwa mzee yuko kwenye laini, akashika akidhani ni dereva wa lori, akamfokea juu ya dizeli. Kumbe ni mkulima amefiwa. Anasema hataki kufokea tena mtu aliyefiwa. Hapo nilimwonea huruma kidogo. Kidogo.

Lakini neno lake la mwisho ni hili. Jumatatu wazee wa kamati wanakuja ofisini. Ataketi kando ya Kwamboka asubuhi nzima, asikilize kila simu. Kila jina litajwe. Jina lisipotajwa, Kwamboka asirudi Jumanne.

Nimetoka bila kusema kwaheri. Nje nikakumbuka kofia. Nikarudi kuichukua. Hasira haijui aibu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepata akili. Dawa ni moja: arap Mosonik asipige simu Jumatatu.

Lakini nani amwambie? Kwamboka hawezi. Kiprono amesema huwezi kumwagiza baba yako. Nimebaki mimi, niliyesimama upande wa msichana siku ya mahari. Na mimi kwa mkwe siendi mikono mitupu, siendi bila mtu wa kunisindikiza, na siendi kabisa kumwambia kwamba jina lake limekuwa tatizo. Ni kama kumwambia mtu kivuli chake kinakusumbua.

Basi simu. Mimi bingwa wa simu.

Nikatafuta namba yake. Nikapiga. Ikalia, nikakata. Nikapiga tena, ikalia. Nikakata.

Mjinga mimi! Mzungu angesema missed call, angeendelea kula. Lakini arap Mosonik ni mtu wa hapa. Ameona flashi mbili kutoka kwa mkwe wake. Akajua nina shida na sina kredo. Mimi, ninayeuza kredo! Kabla sijakaa, simu ikalia. Yeye.

Bwana asifiwe. Asifiwe milele. Habari ya nyumbani. Njema. Mvua. Bado inakawia. Chai. Majani yamekauka kidogo. Ng'ombe. Wako. Watoto. Wako. Nilizunguka salamu zote, nikazirudia kutoka nyuma. Nikamuuliza hata habari ya mbwa.

Mzee akasema, pole pole, “Mkwe, mtu hamflashi mkwe wake kwa sababu ya mvua.”

Ulimi ukaniponyoka. Nikasema mtoto wetu wa ofisini ana shida. Ile karatasi ya Kiingereza inamtaka ataje majina ya watu wote wanaopiga. Na kuna jina moja linamkaa kooni.

Nikasikia kuku wake.

“Haya,” akasema.

Akakata.

Hakusema haya sawa, haya basi, Mungu akubariki, zile haya nne au tano tunazomalizia simu. Haya moja. Kama mlango.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Moraa amesema niliimba wimbo mwingine.

Nimemchongea Kwamboka kwao. Nimemwambia baba mkwe kwamba jina lake linazungumzwa ofisini. Labda sasa hivi wameketi kikao. Labda wanasema, tulijua, hawa Wakisii.

Nimekasirikia meneja. Nimekasirikia karatasi. Nimekasirikia yule aliyevumbua simu, angebaki na barua zake. Nimejikasirikia mimi. Mdomo wangu ulitakiwa kutundikwa kwenye ndoano.

Nimempigia Kwamboka. Mteja hapatikani.

Jumatatu, 17 Machi

Sijafungua kibanda. Nimemwambia Moraa nina tumbo. Saa tatu tumbo likanipeleka Sotik.

Nimesimama nje ya dirisha la ofisi na madereva, nikijifanya nasubiri mtu wa kuniuzia mtamba wa ng'ombe. Ndani: Kwamboka mezani, mgongo wima kama fimbo. Meneja kando yake na kalamu. Wazee watatu wa kamati kwenye viti vya plastiki. Karatasi imebandikwa ukutani.

Good morning, who is calling please. Mister Langat is on the line. Vizuri. Mama Cherotich is on the line. Vizuri. Meneja anaitikia kwa kichwa. Nikaanza kupumua.

Halafu madereva wakasogea. Nikageuka. Arap Mosonik anakuja kwa miguu.

Gumboots. Koti zito. Kofia. Kutoka kwao mpaka Sotik ni mlima na bonde na mlima, na magoti yake si ya mtu wa mlima tena. Hakuniangalia. Aliingia.

Kwamboka akainuka, akainamisha macho. Mzee hakusimama mbele ya meza yake. Alisimama kando, kama anavyosimama baba mkwe, akamtazama meneja juu ya kichwa cha kila mtu.

“Good morning,” akasema. Sikujua ana Kiingereza! “I am Joseah arap Mosonik. I am calling.”

Meneja akatazama simu. Haikuwa imelia.

“Sikupiga,” akasema mzee. “Nimekuja. Huyu mtoto asiulizwe mimi ni nani. Nimesema mwenyewe.” Akaketi kwenye benchi. Akaweka kofia juu ya goti. “I am holding the line.”

Na akaishika. Meneja alikuwa na simu nyingine, mzee akangoja. Wazee wa kamati walikuwa wameshaelewa, walivua kofia zao mmoja baada ya mwingine. Yule mnene akamwinamia meneja, akamwambia jambo sikioni. Refu kidogo. Nikaona kalamu ya meneja ikilala mezani.

Mezani pake Kwamboka alibaki ameinama, na tone moja la chozi lilianguka kwenye karatasi zake. Nje mimi nilikuwa nalia waziwazi. Dereva mmoja akaniuliza, “Opareta, kwani umefiwa?” Nikamwambia nyamaza, laini iko busy.

Jumanne, 18 Machi

Kwamboka amerudi kazini. Onyo limefutwa.

Meneja, Steve wa Carol, ametafuta njia. Akipiga mtu wa jina lile, Kwamboka aseme Mister M is on the line. Na salamu zimeruhusiwa. Fupi, amesema. Tutaona kama anaijua fupi ya huku.

Bado nina hasira, naiandika ili isinidanganye kesho kwamba imeisha. Mzee wa magoti yale! Apande na kushuka kwenye vumbi ili mwanamke asitaje neno ambalo kila mtu angejua halitajiki, kama angeuliza kabla ya kubandika karatasi. Wananunua Kiingereza kama mtu anavyonunua viatu vya mitumba bila kupima, kisha wanashangaa mguu unalia.

Nimefungua kibanda. Yule mtu wa chaja amepita. Nimempa earphone bure.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imekuja. Imepiga mabati tangu asubuhi. Wateja hakuna.

Nimempigia Kwamboka ofisini, sina jambo. Akasema chamgei. Akauliza habari ya nyumbani. Kisha, kwa sauti yake ya redio: who is calling please? Nikamtajia jina langu lote, la ubatizo, la baba na la babu, polepole.

Nikamuuliza kama yule Mister M anapiga siku hizi.

Akateremsha sauti. Hapigi. Mzee aliambiwa habari ya M. Alisema hata M ni ya jina lake. Amesema atakuja kila Jumatatu na Alhamisi, kwa miguu, aketi benchini mpaka aitwe. Leo amekuja na mvua hiyo. Meneja amemwekea mto kwenye benchi.

“Kindly hold the line, Baba,” akasema. Simu nyingine ilikuwa inalia.

Nikashika. Nilisikia mvua ya Sotik juu ya mabati yao, na mvua ya Chepilat juu ya yangu. Nilisikia kikombe kikiwekwa. Kisha mtu akikohoa benchini, pole pole, mtu mzima.

Chai yangu ikapoa. Sikukata.